Kaka yako hajageuka kuwa mtu mbaya

Pole sana, dada. Umeuliza dimensia ya kaka yako, yaani ugonjwa unaoharibu ubongo polepole, hii ya sehemu za mbele na pembeni za ubongo, itakwendaje na mjipange vipi. Haina ratiba: wengi huishi kama miaka 6 hadi 8 tangu dalili zianze, wengine 2 tu, wengine hata 20. Mara nyingi tabia au lugha huharibika kwanza, kumbukumbu baadaye. Ndiyo maana anakumbuka siku uliyozaliwa lakini ukilia mbele yake anaendelea kula. Najua inavyouma, nimemuuguza mama yangu. Si jeuri, ni ubongo.

Anzeni na pesa, wiki hii kama mnaweza. Wakili aandike nani atasaini kwa niaba yake, angali anaelewa. Sisi tulichelewa, mama alishampa akiba yake mtu aliyempigia simu tu.

Akianza kushindilia chakula mdomoni, mkatie vipande vidogo na ukae naye. Baadaye kumeza huwa kugumu, na nimonia huwanyemelea. Dawa za Alzheimer, ile dimensia ya kupoteza kumbukumbu, kwa kawaida hazisaidii hapa, huweza hata kuzidisha fujo, mwulizeni daktari. Nawe tafuta wa kukupokea zamu kabla hujaishiwa nguvu.