Mipango ya mwaka ujao kwa mtu wa Mwanza: makaratasi kwanza, barua ya kuacha kazi baadaye

Kila Desemba watu huandika orodha: nitabadili kazi, nitafungua biashara, nitafika Kampala, nitarudi shule. Ikifika Juni orodha iko vilevile na mwenyewe anajiita mvivu. Mara nyingi uvivu haumo. Kilichokwamisha ni mambo ambayo muda wake huuamui wewe: kitambulisho, cheti, kibali, dirisha la maombi, kodi ya nyumba, mvua. Hayo ndiyo ya kuyapangia tarehe. Mengine yatafuata.

Anza na nyaraka. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo, TIN na kadi ya NSSF kama unazo. Soma jina herufi kwa herufi. Kanda yetu hii mtu mmoja kuwa na majina matatu ni jambo la kawaida: shuleni aliandikishwa jina la nyumbani na la babu, cheti cha kuzaliwa kina jina la ubatizo na la baba, NIDA ikayapanga kwa mfuatano mwingine kabisa. Mtaani wote wanamjua, lakini mfumo wa kompyuta haumjui. Tofauti ndogo ya herufi au mpangilio kwa kawaida humalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Kama jina lenyewe ni jingine, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na baada ya hapo unazunguka ofisi moja baada ya nyingine kurekebisha. Kazi hiyo ni ya Januari na Februari. Ukiisubiri mpaka tangazo la ajira litoke, umechelewa.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, inayosimamia nafasi za kazi serikalini, mara nyingi hukaa wazi wiki mbili tu. Katika wiki hizo mbili wengi wanajikuta wanatafuta wakili wa kuthibitisha nakala, wanapiga picha vyeti kwa simu vikatoka vimepinda, au wanapakia matokeo ya muda ambayo hayapokelewi. Weka folda moja tayari: vyeti halisi vilivyoskaniwa vizuri, nakala zilizogongwa muhuri, picha ndogo na wasifu ulioandikwa upya. Barua ya maombi itiwe saini kabla ya kupakiwa. Watu wenye sifa zote wanaachwa kwa sababu ya barua isiyo na saini, na hakuna atakayekupigia kukwambia. Ukikaribia miaka 45, soma kwanza masharti ya umri kwenye tangazo, maana nafasi nyingi zina ukomo huo.

Pasipoti nayo iingie kundi hilohilo. Ada yake ni shilingi 150,000, inadumu miaka 10, na maombi yanaanzia mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji. Kinachowachelewesha watu wengi ni cheti cha kuzaliwa cha mzazi, hasa mzazi aliyezaliwa kijijini na hajawahi kuandikishwa. Muulize mama leo kama anacho.

Sasa fedha. Januari ni mwezi mbaya wa kuanzisha jambo linalohitaji mtaji: ada, sare, madaftari, na kwa wengi kodi ya nyumba inaangukia hapohapo. Wenye nyumba wengi hapa mjini wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka chake, mara nyingi cha mwezi mzima. Kwa hiyo tarehe ya kuhama au kuacha kazi ifuate tarehe ya kodi. Acha kazi ukiwa umeshalipia miezi sita mbele, kamwe isiwe wiki mbili kabla mwenye nyumba hajabisha hodi.

Piga hesabu ya miezi sita bila mshahara. Tuseme nyumba ni 100,000 kwa mwezi, chakula 250,000, ada ukiigawa kwa mwezi 60,000, nauli, umeme na maji 90,000. Jumla 500,000. Miezi sita ni 3,000,000, na hapo hujagusa mtaji. Fedha hizo zikae mbali na fedha za biashara, akaunti tofauti kabisa. Kama kikoba chenu kinavunjwa Desemba, mgao upitie benki kabla haujapita nyumbani. Na kama una mkopo unaokatwa kwenye mshahara, nenda uulize salio lililobaki na litalipwaje mshahara ukikoma. Watu wanasahau kwamba deni haliachi kazi.

Kuna jambo la NSSF ambalo linaeleweka vibaya sana. Fao la upotevu wa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, ni la aliyeachishwa na aliyechangia angalau miezi 18. Aliyeacha mwenyewe kwa hiari halimhusu. Usilihesabu kwenye ile 3,000,000.

Wengi wanaoacha ajira hapa wanaangalia ziwani, na wa kwanza kuwavutia ni dagaa. Kwanza ni mbalamwezi: dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika, mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, unapoa. Ina maana mwezi wako wa biashara una pengo la siku kadhaa kila mara, na marejesho ya mkopo ya kila wiki hayalijui pengo hilo. Kabla ya kusaini mkopo chukua kalenda yenye tarehe za mbalamwezi uone marejesho yanaangukia wapi. Omba ya kila mwezi ikiwezekana.

Pili ni mvua. Jua likiwa kali, dagaa aliyeanikwa juu ya kichanja anakauka siku moja. Masika, Machi hadi Mei, anaweza kukaa siku mbili tatu, akaanza kunuka, akaishia kuuzwa kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Anayeanza Machi anaanzia shimoni. Juni kwenda mbele ni salama zaidi kwa mgeni.

Tatu ni mzigo wenyewe. Ukifika soko la Mwaloni Kirumba usinunue kwa macho ya juu ya gunia; omba wachote katikati. Vunja dagaa mmoja: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado ana maji na ataota ukungu njiani kwenda Tabora au Dodoma. Kisha weka kiganja kimoja cha dagaa kwenye bakuli la maji, koroga, acha kitulie. Mchanga utakaotua chini ndio uzito uliokuwa unataka kuulipia. Wa mchangani na wa kichanjani ni bei mbili, na muuzaji mzuri anakwambia mwenyewe. Leseni ya kufanya biashara ya mazao ya uvuvi na kibali cha kusafirisha vipatikane kabla ya gari kupakiwa. Kwenye kizuizi cha barabarani hakuna anayesikiliza kwamba ulikuwa unafuatilia.

Vizimba vya kufugia sato ziwani vinasifiwa sana siku hizi. Hesabu yake ni hii: samaki 1,000 wa nusu kilo ni kilo 500, na kila kilo ya samaki inakula takribani kilo moja na nusu ya chakula. Hizo ni kilo 750 unazonunua kwa miezi sita hadi minane kabla ya kuona shilingi. Kosa la kawaida ni kumaliza fedha kwenye kizimba na vifaranga, kisha kulisha nusu nusu. Samaki wanadumaa, soko linawakataa. Kosa jingine ni mahali: karibu na mdomo wa mto au maji machafu ya mjini, au kina kifupi kisicho na mkondo, hewa majini inapungua na asubuhi unawakuta wanahema juu. Kuna vibali vya mazingira na vya kutumia maji ambavyo havitoki wiki moja. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una chuo Nyegezi. Pita pale ukauliza mafunzo kabla ya kununua hata wavu.

Kwa anayebaki kwenye ajira, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limebadilisha ramani. Kazi ya Sengerema sasa unaweza kuifanya ukiwa unaishi Buhongwa au Nyegezi, bila foleni ya kivuko. Geita ni mbali zaidi. Nauli ya kwenda na kurudi mara siku 22, ilinganishe na kupanga chumba huko. Mara nyingi chumba kinashinda.

Ukishapata pa kwenda, na mkataba mpya umeutia saini, ndipo uandike barua. Kwa anayelipwa kwa mwezi na aliyepita mwezi wa kwanza kazini, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28. Soma mkataba, huenda unasema zaidi. Ukiondoka bila kuitumikia, mwajiri anaweza kukata fedha za siku hizo. Dai malipo ya likizo ambayo hukuichukua, dai cheti cha utumishi, uliza bima ya afya inakoma tarehe gani. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Na usiwatangazie kundi la WhatsApp la ofisi kabla bosi hajaisoma.

Safari ziweke kwenye pengo kati ya kazi mbili, au kwenye likizo, ambayo kisheria ni siku 28 kwa mwaka. Kampala unapitia Bukoba na Mutukula, Kenya unapitia Sirari. Kwa Uganda chanja homa ya manjano angalau siku 10 kabla, maana kadi haihesabiki kabla ya hapo. Inadumu maisha, itunze na pasipoti. Serengeti kwa geti la Ndabaka, barabara ya Musoma, usiende masika: udongo mweusi wa ukanda ule unanasa magari. Juni, nyumbu wakiwa upande wa magharibi, ni bora. Ukerewe nenda kwa kivuko, asubuhi. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku. Kama unasafiri Desemba, kata kwanza tiketi ya kurudi Januari, kwa sababu wiki ya shule kufunguliwa mabasi yanajaa.