Mawimbi Yanayochoma Sakiti, na Hospitali Iliyo Jirani

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji kama silaha za maikrowevu zitamaliza enzi ya droni vitani. Jibu langu ni kwamba zitazipunguzia makali droni zinazoshambulia kambi, meli au uwanja wa ndege, lakini hazitazimaliza. Na kwangu mimi, ambaye kwa miaka mingi nimetengeneza vifaa tiba katika hospitali ya mkoa, kuna swali linalotangulia hilo: raia atakapodhurika, ni nani atakayeweza kulithibitisha?

Anayefungua oveni ya maikrowevu iliyokufa hukuta ndani yake magnetroni, kifaa cha chuma chenye sumaku na mapezi ya kupoozea, kinachoenea kiganjani. Ni mjukuu wa ile iliyoundwa na John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1940 kwa ajili ya rada za vita. Ya jikoni hutoa mawimbi ya gigahezi 2.45 kwa nguvu isiyozidi wati elfu moja hivi, na kinachomkinga mpishi ni kuta za chuma pamoja na ule wavu wa mlangoni, ambao vitundu vyake vya milimita moja au mbili ni vidogo mno kwa wimbi lenye urefu wa sentimita 12. Mtengeneza silaha huliachia wimbi litoke, huliongoza kwa antena, na hukusanya nguvu yake katika mipigo mifupi mno ambayo kilele chake hufikia mamilioni ya wati. Mpigo ukiikuta droni, antena yake na nyaya za mota hulidaka wimbi hilo, umeme usiotarajiwa huingia katika chipu zilizozoea volti 3 au 5, na droni huanguka.

Wengi huchanganya jambo hili na kuvuruga mawasiliano. Mvurugaji hukata mazungumzo kati ya droni na anayeiendesha, ndiyo maana tangu mwaka 2024 pande zote mbili katika vita vya Ukraine zimekuwa zikitumia droni zinazoburuta uzi mwembamba wa kioo, ambazo hazina redio ya kuvurugwa. Mpigo wa maikrowevu haujali uzi huo, kwa kuwa unashambulia sakiti yenyewe, yaani njia za umeme na chipu zilizo ndani ya droni.

Faida yake kubwa ni gharama. Katika Bahari ya Shamu, meli za kivita za Marekani zimelazimika kurusha makombora yanayogharimu takriban dola milioni 2 kila moja dhidi ya droni za Wahouthi wa Yemen zilizo rahisi kuliko hayo kwa mbali. Uingereza ilieleza mwezi Aprili 2025 kwamba mtambo wake wa mawimbi ya redio hutumia takriban peni 10 kwa pigo moja. Agosti mwaka huohuo kampuni ya Epirus ya Marekani ilionyesha huko Indiana mtambo wake wa Leonidas ukiangusha droni 61, na kati ya hizo 49 zilianguka kwa mpigo mmoja. Leza haiwezi hivyo, kwani hushughulikia shabaha moja baada ya nyingine na hudhoofishwa na ukungu na vumbi. Hata hivyo mtambo wa Waingereza hufika kilomita moja tu, na sakiti iliyofunikwa vizuri kwa chuma huvumilia zaidi. Kwa hiyo droni zitabaki.

Kinachonitia hofu ni kombora la CHAMP linalorusha mipigo ya maikrowevu, ambalo Boeing na Jeshi la Anga la Marekani walilijaribu huko Utah mwezi Oktoba 2012. Kazi yake ni kupita juu ya majengo na kuzima kompyuta zilizomo bila kubomoa ukuta, na siku hiyo hata kamera zilizowekwa kurekodi jaribio zilizimika.

Naujua uharibifu wa namna hiyo kwa kiasi kidogo. Usiku mmoja umeme ulirudi kwa kishindo baada ya kukatika, na moniteri mbili za wodi ya watoto njiti zikazima. Nilipozifungua, bodi zilikuwa safi, hazikuwa na moshi, doa wala harufu. Siku mbili nzima nilipima kijenzi kimoja baada ya kingine, hadi nikapata chipu ndogo kuliko punje ya mchele iliyokufa ndani kwa ndani, huku wauguzi wakihesabu mapigo ya mioyo ya watoto kwa mkono. Sasa fikirini hospitali iliyo mtaa mmoja na kambi ya jeshi wakati wa vita. Vifaa vyetu kwa kawaida hupimwa kustahimili mawimbi ya redio yenye ukali wa volti 3 kwa mita tu. Bomu likianguka huacha shimo na vipande ambavyo wachunguzi huvikusanya, lakini mpigo ungeacha mashine za kupumulia zilizozima na bodi safi kama zile nilizozishika mimi.

Sheria imewahi kutangulia silaha. Itifaki iliyopitishwa Vienna mwezi Oktoba 1995 ilipiga marufuku leza zilizobuniwa kupofusha watu kwa kudumu, kabla hazijaenea katika medani za vita. Maikrowevu hazina itifaki yao. Zipo kanuni za jumla, kama ile ya mwaka 1977 inayozitaka nchi kuchunguza uhalali wa kila silaha mpya, lakini uchunguzi huo hufanywa na nchi yenyewe inayoitaka silaha. Napendekeza itifaki mpya itakayopiga marufuku kuielekeza mipigo hiyo mahali ambapo hospitali imo ndani ya eneo la athari, na itakayoulazimu kila mtambo kuandika saa, mwelekeo na nguvu ya kila pigo, kumbukumbu hizo zikitunzwa ndani ya kasha la chuma ambalo mpigo wenyewe hauwezi kulipenya, na wachunguzi wa kimataifa wakiwa na haki ya kulifungua.

Fundi wa vifaa tiba, Tanga