Usiulize "kuna watoto humu?"

Nshazunguka na chanjo ya polio visiwani Lamu raundi kadhaa, Siyu, Faza mpaka Kizingitini, na kama raundi ijayo wewe ndo utabebeshwa lile boksi la barafu, nakuomba kitu kimoja, usisimame mlangoni ukauliza "kuna watoto humu?" Utaambiwa hakuna, na wala hawakudanganyi, manake mmoja yuko chuo cha Kurani, mwengine kashuka pwani na babake, na kile kichanga cha siku nne kilicholala ndani hata hawajaanza kukihesabu. Mimi huuliza nani alilala hapa jana usiku. Hapo ndo wanatokea, mara wa shangazi waliokuja arusini kutoka Kiunga, mara mapacha wa jirani. Kuna nyumba ya "hakuna" ilinitolea watano!

Wanaokataa kabisa ni wachache, na ukimpata usibishane na mama mtoto, omba kuongea na bibi. Bibi anamkumbuka mtu wa rika lake anayeburura mguu, atakusemea vizuri kuliko wewe.

Swali utakaloulizwa sana ni "si ashapewa kliniki, matone tena ya nini?" Mi nawaambia hivi virusi hukaa tumboni na kutoka na choo, na katika watoto 200 walioambukizwa ni kama mmoja tu anayepooza, sasa ukiona mmoja mguu umelegea ujue mtaa mzima ushapitiwa. Sawa, Afrika ilitangazwa 2020 kuwa haina tena polio ya asili, imebaki Pakistan na Afghanistan, lakini kuna ile nyengine ya virusi vya chanjo vinavyobadilika vikizunguka penye watoto wengi wasiochanjwa. Garissa hapo jirani polio iliingia 2013 ikitokea Somalia, na 2023 ikaonekana tena, safari hii kwa sura hiyo ya pili. Na watu wa huko na huku si tunatembeleana kila siku?

Kichupa nacho, kila ukifungua kitazame kile kimraba ndani ya duara kwenye lebo, kikishakoza rangi sawa na duara, hiyo dawa imekufa, weka kando usimpe mtu. Jua la mashuani halina mchezo, boksi liweke chini ya turubai.

Na nahodha akisema twondokeni, ondoka. Mimi nilijifanya namalizia nyumba mbili, maji yakatoka, tukakaa kwenye matope pale mkondo wa Mkanda mpaka magharibi.