Mgeni Unayetaka Uongozi wa Mtaa, Anzia Ofisini kwa Mtendaji

Nyinyi mliohamia Tanga miaka ya karibuni, mkapanga Makorora au Ngamiani, na sasa mnanong'onezana habari za kugombea: inawezekana. Mji huu umejaa wajukuu wa watu waliokuja kukata mkonge kutoka Kigoma na hata Burundi, na leo hakuna anayewauliza kwao wapi. Labda bibi wa Kidigo, naye anauliza kwa ajili ya posa.

Ila msianze na fulana na spika. Mtazameni Ryyan Alshebl. Alitoka Syria, akaingia Ujerumani mwaka 2015 akiwa mkimbizi wa miaka 21. Akajifunza lugha, akasomea utawala, akafanya kazi karibu miaka saba katika ofisi ya halmashauri ya Althengstett. Alipopata uraia, akagombea umeya wa Ostelsheim, mji jirani wenye wakazi kama 2,500. Alipita nyumba kwa nyumba, na Aprili 2023 akashinda kwa zaidi ya nusu ya kura. Wanaomsimulia hupenda ile safari ya boti ya mpira baharini. Mimi napenda miaka ya mafaili. Watu wa Ostelsheim walimchagua mtu aliyejua kibali cha ujenzi kinapitia meza zipi.

Kwetu utaratibu ni mwingine. Meya wa Jiji huchaguliwa na madiwani miongoni mwao, kwa hiyo kwanza uwe diwani. Na udiwani, kama uenyekiti wa mtaa, unataka uwe raia na udhaminiwe na chama. Aliyetoka nje ya nchi amalize suala la uraia kabla ya yote.

Kisha jizoeshe kwa mtendaji wa mtaa. Usiende kuomba cheo, nenda kusaidia. Pale utaona nani anafuata barua ya utambulisho, nani anagombea mpaka wa kiwanja, mtaro upi unafurika masika. Jifunze hasa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Vikundi vingi hukwama kwenye makaratasi, si kwenye biashara. Ukikaa na kina mama mkaandika katiba ya kikundi ikakubalika, umejulikana kuliko mwenye mabango. Si kazi ya kupigia picha, na inachosha.

Msibani nenda mapema, ubebe viti, uondoke bila hotuba. Lafudhi ya Kitanga usiigize, watakucheka.

Na mapato na matumizi yakisomwa kwenye mkutano wa mtaa, sikiliza mpaka mwisho, halafu uliza swali moja tu, la ule mtaro.