Bwana Shamba Ajibu: Wa Dieng wamejenga kwa viazi, sisi je?

Tangu nidokeze humu kwamba wakati wa utumishi wangu nilipelekwa kisiwani Java, Indonesia, kusomea kilimo cha viazi, barua hazijakoma. Nimechagua nne.

Hujambo Bwana Shamba. Mimi ni kijana wa Keringet, Kuresoi. Baba alituachia ekari nne, nasi tuko ndugu watatu. Tunalima viazi, Shangi tu, na bei ikianguka tunabaki na deni la mbolea. Kaka mkubwa anataka tuuze, tununue ploti Nakuru na kujenga nyumba za kupangisha. Nimeona picha za vijiji vya Dieng huko Indonesia. Ni mlimani kama kwetu, baridi kama kwetu, viazi hadi mlangoni, lakini watu wana nyumba za ghorofa na magari. Wana nini tusicho nacho? Na je, tuuze? — Kitindamimba, Keringet

Kitindamimba, nyumba za namna hiyo nimelala ndani yake. Sebule ina vigae vinavyong'aa, na jioni haikaliwi na mtu. Watu wote wamejazana jikoni kando ya meko, mzee kajitanda saruni mabegani, wanakunywa chai na kula tempe ya kukaanga, yaani soya iliyochachushwa, maana nje hakukaliki. Dieng ni uwanda wa juu wa Java ya Kati, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, katika wilaya za Wonosobo na Banjarnegara. Kijiji cha Sembungan, kinachosifika kuwa cha juu kuliko vyote kisiwani, kiko kwenye mita 2,300 hivi. Molo mjini pako juu kuliko hapo, kwa hiyo ukiniambia shida ni baridi sitakuelewa.

Jikoni kwa mwenyeji wangu kulikuwa na chanja za mbao, na juu yake mbegu za viazi zimetandazwa zikichipua. Kila usiku kabla ya kulala mzee alipita na tochi akiziminya kwa dole gumba moja baada ya nyingine. Iliyolegea ilikwenda kwenye ndoo. Zilizosalia zote zililingana, saizi ya yai la kuku. Sisi huku tunauza vilivyo bora na kupanda vile ambavyo soko limevikataa, kisha tunashangaa mnyauko umetoka wapi. Mkulima wa kawaida wa Kenya hupata tani 8 hadi 10 kwa hekta, yaani magunia 65 hadi 80 ya kilo 50 kwa ekari moja. Wastani wa Indonesia ni takriban mara mbili ya huo.

Basi wana mbegu. Wana pia mbolea ya kuku, inayopandishwa mlimani kwa malori hadi harufu yake ikakuamsha kabla ya adhana. Na wana mnunuzi, jambo ambalo picha haikukuonyesha. Java haifiki hata robo ya Kenya kwa ukubwa, lakini ina watu zaidi ya milioni 150. Lami inafika kijijini. Lori likipakia jioni, viazi vinasafiri usiku vikielekea masoko ya jumla kama Kramat Jati, Jakarta. Usidhani madalali hawapo. Wapo tele, na baadhi yao ndio wenye hizo ghorofa ulizoziona.

Sasa nikupeleke nyuma ya nyumba. Zamani watu wa Dieng walilima tumbaku, mahindi na kabichi, na hata pareto iliwahi kupandwa huko. Kuanzia miaka ya 1980 viazi vya aina ya Granola vikashika mlima wote. Wanapanda mara mbili kwa mwaka, wengine mara tatu, shamba lile lile, zao lile lile. Kilichonishtua zaidi ni matuta. Mimi nilifunzwa, nami nikafunza wenzangu, kwamba tuta hukingama na mteremko. Kule matuta mengi yanashuka moja kwa moja na mlima kama mistari ya daftari. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba kiazi hakipendi miguu yake kukaa majini, mvua ikinyesha maji yapite haraka. Ni kweli yanapita haraka, na udongo unapita nayo. Mto Serayu unaanzia huko huko Dieng, na bwawa la umeme la Mrica kule chini Banjarnegara limejaa tope kiasi cha kuwatia wahandisi wasiwasi. Mkulima naye, udongo ukipungua, anaongeza mbolea ya kuku na dawa ya kupulizia. Gharama inapanda, mlima unashuka.

Kuna na wale minyoo wadogo wa mizizi ya viazi, wenye vifuko vya rangi ya dhahabu. Indonesia iliwatambua mwaka 2003 huko Java Mashariki, na baadaye wakaonekana Dieng pia. Sisi tuliwatambua mwaka 2015 kule Nyandarua. Mnyoo huyu hula nini? Viazi, na jamaa wachache wa viazi. Ukimpandishia Shangi msimu baada ya msimu umemfungulia hoteli.

Tena kuna usiku wa Julai na Agosti, mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, sakitu inaanguka na asubuhi majani ya viazi yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Wenyewe huita umande wa sumu. Na serikali ikiruhusu viazi vya nje, bei inaporomoka: mwaka 2011 wakulima wa Dieng walikwenda hadi Jakarta kupinga viazi vya China na Bangladesh. Ardhi yenyewe nayo ni vipande. Zaidi ya nusu ya kaya za wakulima Indonesia hazina hata nusu hekta. Ekari zenu nne ni zaidi ya hekta moja na nusu. Ungekuwa Dieng, wewe ndiye ungepigwa picha.

Swali la kuuza. Kwanza, hati ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu, hamna cha kuuza mpaka mirathi ipite mahakamani, na baada ya hapo idhini ya bodi ya ardhi. Atakayewapa pesa kabla ya hayo anawanunulia kesi. Pili, mwambie kaka aweke kwenye karatasi: ploti bei gani, mabati, maji, miezi ambayo vyumba vitakaa bila mpangaji. Nimeona vyumba vingi vya aina hiyo Nakuru, milango imeandikwa nambari na ndani panya wanakimbizana. Kaka yako si mjinga, amechoka. Ningekuwa yeye pia ningechoka.

Rai yangu ni kwamba msiuze, na msigawe vipande vitatu vyenye ua. Ekari nne zikae pamoja, viazi vichukue moja kila msimu na kuhama. Zinazobaki ziwe na mahindi, njegere, na nyasi za ng'ombe. Matuta yakinge mteremko hata kama jirani atacheka. Mbegu safi mnazipata ADC Molo, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, na mkishanunua, chagueni zenu kwa tochi kama yule mzee. Na msikubali gunia lililoshonewa kichwa. Kanuni za mwaka 2019 zimesema kilo 50, basi. Najua dalali atatisha kuondoka na lori lake. Mkiwa wakulima watano kwenye barabara moja mkakataa pamoja, hana pa kulipeleka lori lake na giza limeingia.

Shikamoo Bwana Shamba. Sisi ni akina mama wa kahawa hapa Kapsokwony, Mlima Elgon. Binti yangu ameniambia kuna kijiji Indonesia ambako wageni hupanda mlima kwa miguu na kulipa ili walale katika nyumba za kienyeji, na wenyeji ni wakulima wa kahawa kama sisi. Sisi tuna mapango na maporomoko. Tunaweza? — Mama Chama, Kapsokwony

Marahaba mama. Kijiji hicho bila shaka ni Wae Rebo, katika kisiwa cha Flores. Huko sikufika, Flores ni mbali na Java, lakini habari zake tulisomeshwa darasani. Kiko karibu mita 1,200 juu, na mgeni hutembea saa mbili au tatu ndani ya msitu. Nyumba ni saba, za duara, paa la nyasi likishuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na nyumba moja hukaliwa na familia kadhaa. Ndani zina orofa tano. Watu wanaishi chini, chakula kinawekwa juu yao, mbegu juu zaidi, akiba ya njaa juu ya mbegu, na ile ya kileleni kabisa ni ya sadaka kwa mababu. Nyumba hizo zilikuwa zimebaki chache na mbovu. Zikajengwa upya, wazee wakifundisha vijana, na mwaka 2012 kazi hiyo ikapata tuzo ya UNESCO ya urithi kwa eneo la Asia na Pasifiki.

Kinachonipendeza ni utaratibu. Mgeni haruhusiwi kupiga picha kabla ya kupelekwa kwa wazee na kuombewa. Malazi yanapangwa na jumuiya, mgeni hachaguliwi na wakala mwenye mdomo mtamu kando ya njia. Kahawa yao anaikuta hapo hapo, inakaangwa mbele yake, na anashuka na pakiti. Kwa hiyo ndiyo mama, mnaweza, na kahawa ndiyo mlango. Kahawa yenu inaondoka Elgon ikiwa na ganda au bila, inapewa jina na watu wengine. Mgeni aliyekuja kuona pango la Kitum angekunywa ya kwenu akajua imetoka shamba lipi.

Tahadhari moja. Wae Rebo, watoto wakifika umri wa shule huteremka kuishi chini ya mlima, kwa sababu juu hakuna shule. Mgeni anaona kijiji kizuri chenye ukimya. Ukimya huo ni watoto waliokosekana. Mkianza chama chenu, kabla ya kununua mapazia ya wageni, kubalianeni sehemu gani ya kila shilingi inakwenda karo. Na mweka hazina asiwe mke wa mwenyekiti.

Bwana Shamba, ni kweli kwamba Indonesia kila kijiji kinatumiwa pesa zake moja kwa moja? Hapa kwetu tunasubiri MCA, mwakilishi wa wadi, hadi karavati linaota nyasi. — Mzee wa mtaa, Malava

Ni kweli. Sheria namba 6 ya mwaka 2014 ndiyo iliyoweka, na pesa zikaanza kutoka mwaka 2015. Kufikia 2019 bajeti yake ilikuwa rupia trilioni 70 kwa vijiji karibu 75,000, yaani wastani wa rupia milioni 900 na ushee kwa kijiji, ambazo ni kama shilingi milioni 7 za wakati huo. Mkuu wa kijiji anapigiwa kura, na mbele ya ofisi hubandikwa bango kubwa lenye mapato na matumizi: njia hii kiasi gani, mfereji ule kiasi gani. Njia za saruji za kubebea mazao kwa pikipiki zimejengwa hivyo kwa wingi. Wakuu wa vijiji waliofungwa kwa kula pesa hizo nao si haba. Hata hivyo mimi ningechukua lile bango peke yake, nikalileta Malava leo.

Mzee, nasikia Dieng kuna mzizi wa kuongezea wanaume nguvu, na wenyeji huunywa na maziwa. Naweza kupata mbegu? — Jina limebanwa, Kisumu

Unaitwa purwaceng, na ni kweli wanaunywa, na ni kweli nilikaribishwa. Hayo mengine ni kati yangu na mama watoto. Mmea huo umechimbwa porini hadi ukawa adimu, na sasa wanauotesha mashambani kwa shida, maana unataka baridi. Kisumu mmea huo utakufa siku ya tatu. Kuingiza mbegu yoyote nchini bila kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, ni kosa, na minyoo niliyoitaja huko juu husafiri hivyo hivyo, kwa udongo ulioganda kwenye mfuko wa mtu. Panda matatu hadi Kakamega, mukombero, mzizi wetu wa kazi hiyo hiyo, unauzwa stendi.