Muulize Shangazi Mkunga: Maumivu chini ya mbavu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina mimba ya wiki 26, ya pili. Nikila chapati na mchuzi wa nazi usiku, baadaye maumivu yananibana chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi begani, natapika. Yanakaa saa mbili, kisha kimya. Dawa ya vidonda vya tumbo haijasaidia. Altrasaundi ilionyesha mtoto mzima. Wifi yangu anasema ni mawe ya nyongo, ninywe mafuta ya zeituni na limau yatoke. Ninywe? – Mjamzito, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinywe! Yale madonge ya kijani watu wanayoyaona chooni wakashangilia, ni mafuta hayo hayo yaliyoganda tumboni kama sabuni. Tena mafuta mengi ndiyo yanayoukaza mfuko wa nyongo, utajiamshia maumivu.

Kwenye ugonjwa wenyewe, wifi huenda amepatia. Homoni za mimba huongeza kolesteroli kwenye nyongo na kuulegeza mfuko usijikamue vizuri. Nyongo ikituama huwa tope, na tope huweza kuganda mawe. Kwa wengi, tope huisha lenyewe baada ya kujifungua.

Ila mimi ningeanza na presha na mkojo, na leo, usingoje siku ya kliniki. Baada ya wiki 20, maumivu ya hapo hapo yanaweza kuwa ini linaloumia kwa presha ya mimba, ile inayoleta kifafa. Kichwa kikiuma sana, ukiona vimulimuli au uso ukivimba, nenda hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo kwa homa, macho ya manjano, au maumivu yasiyoachia.

Tui liwe jepesi, chapati ipumzike, samaki mchome. Usishinde njaa, maana nyongo hutuama zaidi. Ya maumivu ni parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni usinunue, hata muuza duka akikusifia.

Ikibidi operesheni, si lazima ungoje uzae. Hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo, na miezi ya kati kama yako ndiyo madaktari huipendelea.

Altrasaundi ya kwanza walimtazama mtoto. Safari hii omba waangalie ini na mfuko wa nyongo, na uende asubuhi kabla hujala. Ukishakula mfuko hunywea, mawe hayaonekani vizuri.