Mchezaji akishasimama juu ya mpira, huna mdomo (jibu kwa aliyepata kazi ya kutangaza gofu)

Mkuu, futa kwanza ile sentensi yako ya tatu. Ile uliyoandika kwamba kila usiku unajirekodi ili "isipite hata sekunde moja bila neno", kwa sababu mashindano unayokwenda kutangaza ni mwezi ujao na bosi anataka uchangamke. Umeuliza malipo yaweje, uache kucheza au uendelee, na hedifoni gani ununue. Ya hedifoni tutayafikia mwishoni. Hiyo sentensi nimeisoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Mimi pia ni mchezaji wa kulipwa. Nilikuwa, tuseme, siku hizi nafundisha watoto wa wanachama jinsi ya kushika fimbo. Nilianzia kubeba mabegi ya fimbo za wachezaji kama wewe. Kifundo cha mkono wa kushoto kikaharibika, kadi zikapanda kutoka mikwaju 71 hadi 78 kwa raundi (kwenye gofu mwenye michache ndiye bora), na kwa 78 hakuna anayekulipa hata nauli. Ndipo jamaa mmoja mwenye televisheni ya mtandaoni akanifuata pale klabu na habari hiyo hiyo uliyobandika wewe, ya Ken Venturi, mchezaji gofu wa Marekani aliyekuja kuwa mtangazaji. Na kama wewe, alinipa nusu.

Venturi wa San Francisco alikuwa na kigugumizi kikali tangu utotoni. Mwalimu alimwambia mama yake kwamba huyu hatakuja kuongea sawasawa. Akachagua gofu kwa sababu ni mchezo wa kuwa peke yako. Mwaka 1956, akiwa bado mchezaji wa ridhaa, aliingia siku ya mwisho ya Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, anaongoza kwa mikwaju 4, akapiga 80, akapitwa na Jack Burke kwa mkwaju 1. Mwaka 1964 akashinda US Open, shindano jingine kubwa la huko Marekani, kwenye uwanja wa Congressional, karibu na Washington. Siku ya mwisho walicheza mashimo 36 kwenye joto la karibu nyuzi 38, na daktari alikuwa ameshamwambia kwamba akiendelea anaweza kufa. Mwisho wa shimo la 18 hakuweza hata kuinama. Raymond Floyd, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akicheza naye, ndiye aliyeuokota mpira shimoni akamkabidhi, machozi yanamtoka. Baada ya hapo mikono ikaanza kufa ganzi, neva za viganja zimebanwa, akapasuliwa. Ushindi wake wa mwisho aliupata mwaka 1966, nyumbani kwao San Francisco. Mwaka 1968 akaingia televisheni ya CBS kutangaza gofu, akakaa huko hadi 2002.

Sasa yule jamaa wa televisheni, ambaye ndiye akawa bosi wangu, akanisimulia hayo kwa sauti ya semina za ujasiriamali: "Unaona? Mwenye kigugumizi kaongea miaka 35! Wewe unashindwa nini?" Nami nikaelewa kwamba kimya ni ugonjwa na Venturi alipona. Nikaanza kujitibu. Nilikuwa natangaza kila kitu, hadi mke wangu akipika: "anakwangua nazi, anakwangua, lo, kajikata!" Alinihamishia sebuleni.

Bosi mwenyewe katokea kwenye mpira wa miguu wa redioni, na huko yuko sahihi. Msikilizaji haoni, ukinyamaza anadhani betri zimekwisha. Lakini kwenye gofu mtazamaji anaona kila kitu, na mchezaji anasikia kila kitu. Hilo bosi hakulijua. Mimi nililijua miaka 14 nikalisahau kwa siku mbili.

Siku ya pili ya mashindano niliyotangaza, shimo la 18, la mwisho. Aliyebaki kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo, ni rafiki yangu. Tulibeba mabegi pamoja, tumekula chapati za mkopo kwa mama ntilie mmoja pale getini. Mpira uko hatua nne kutoka shimoni. Akiutumbukiza kwa mkwaju mmoja, kashinda. Kwa miwili, wanarudiana na mpinzani wake. Nimesimama nyuma ya kamba, upepo unanipiga mgongoni. Mtu niliyezoea kurusha majani hewani kupima upepo kabla ya kila mkwaju, siku hiyo sikujiuliza sauti yangu inapelekwa wapi.

Sikioni bosi anapiga kelele: "Ongea, ongea, kimya kimezidi!" Nilikuwa nimemaliza vyote: umri wake, klabu yake, rangi ya kofia yake, hadi miembe iliyopo nyuma yake. Nikatafuta kitu chochote. Nikanong'ona, au nilidhani nanong'ona: "Huyu mimi namjua. Mipira mifupi kama hii humtetemesha mikono."

Fimbo ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma. Ikasimama. Hakunitazama mimi, alitazama mikono yake. Akajitoa kwenye mpira, akachomoa glovu mfuko wa nyuma, akairudisha, akasimama tena. Mkwaju wa kwanza ukalipita shimo kwa hatua moja. Wa kurudi ukazunguka ukingo, ukatoka. Watu wakasema "aaa" halafu wakaacha kusema.

Tofauti ya zawadi kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa mabati ya nyumba yake. Najua, maana wiki moja kabla tulizunguka wote madukani kuyauliza bei. Masika ya mwaka ule familia yake ililala chini ya turubai. Nilijitetea kwa kila mtu kwamba angekosa tu, kwani ni uongo kwamba mikono humtetemeka? Si uongo. Aliniambia mwenyewe, usiku, tukiwa wawili.

Na huyo bosi! Jioni ile ile ujumbe: "Kipande kinatembea vibaya sana mtandaoni, safi kabisa." Kesho yake klabu ikalalamika, naye akaandika barua kwamba "mtangazaji alikiuka maelekezo". Maelekezo! Yale yaliyokuwa yananitoboa sikio yalikuwa ya nani, ya majini? Kibarua kikaota nyasi, klabu ikanifungia geti miezi 6, na yeye bado anaendesha mafunzo ya utangazaji kwa vijana. Ada anachukua kabla ya somo. Kumbe utaratibu wa kulipwa kabla ya kazi alikuwa anaujua.

Kuna mtu hapa ataniletea mfano wa Johnny Miller, mchezaji mwingine wa Marekani aliyegeuka mtangazaji, basi nimuwahi. Miller, aliyepiga 63 siku ya mwisho kule Oakmont akachukua US Open ya 1973, alipoanza kutangaza kwenye televisheni ya NBC mwaka 1990 alisema mkwaju uliokuwa unamsubiri mchezaji Peter Jacobsen ni wa aina ambayo mtu hubanwa na woga. Watu walimchukia kwa hilo. Lakini Miller alikuwa kwenye kibanda cha watangazaji, Jacobsen hakumsikia, akaupiga vizuri na akashinda. Tena Miller aliuzungumzia mkwaju, si siri ya mtu. Mimi nilitoa siri ya mwenzangu nikaimwaga nikiwa hatua chache kutoka masikioni mwake.

Kwa hiyo mkuu, akishasimama juu ya mpira, funga mdomo. Bosi akikupigia kelele sikioni, chomoa. Usifungue hadi mpira usimame. Ukitaka kumwiga Venturi, iga yule aliyepiga 80 kwenye Masters. Mtu aliyeokotewa mpira shimoni kwa sababu mgongo umekataa anajua mwili unasikia nini pale kwenye grini, na CBS walikuwa wanalipia hicho. Na wewe unakijua. Ukikijaza maneno, umekuwa kama sisi wengine wenye maiki tu.

Badala ya kujirekodi usiku, nenda uwanjani jioni na kedi (mbeba mabegi) mmoja. Yeye asimame kwenye grini, wewe nong'ona ukirudi nyuma, akikusikia anyooshe mkono. Mimi nilifanya hivyo baadaye, nilipokuwa sina kazi na muda ninao. Nilidhani hatua 20 zinatosha. Upepo ukiwa mgongoni, mkono wake ulibaki juu hadi hatua 40 na ushee, na alikuwa anacheka, anarudia maneno yangu neno kwa neno. Hedifoni chukua za sikio moja, lingine libaki wazi ujisikie unavyopayuka.

Rafiki yangu alinisalimia tena baada ya masika mawili, pale sehemu ya kufanyia mazoezi. Kabla ya kunipa mkono alinikagua kola ya shati, upande huu na upande huu, kuona kama nimebandika maiki.